Atakayeshika Usukani wa Mercan

Perihan alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, na bega lake la kulia lilichakaa ubaoni. Ndivyo daktari wa Muğla alivyomweleza, akimwonyesha kwenye picha mahali nyama inayoshika mfupa ilipochanika kama upindo wa kitambaa kilichofuliwa mno. Akamkataza kunyanyua vitu vizito, kufagia na kukanda unga. Perihan aliitikia kila sharti kwa kichwa, akaitia picha kwenye bahasha yake, akarudi kwa basi hadi Bozburun, na bahasha akaificha chini ya karatasi ya droo ya vijiko, ndani ya mashua yao. Daktari hakumwuliza kama huwa anashika usukani wa mashua ya tanga ya futi thelathini na nane, naye hakuona sababu ya kujitolea kumwambia.

Mumewe, Haldun, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kule Afyon, bara kabisa. Bahari wote wawili waliijua ukubwani, nusu kwa vitabu na nusu kwa kuchapwa nayo. Mwaka wa kwanza wa kustaafu kwake Haldun aliumaliza kwenye kiti kilichotazama ukuta. Treni ya saa nne na dakika kumi ikipiga honi, alikuwa anainuka, anaangalia saa, anakaa tena. Chakula alikula akiwekewa. Perihan alimburuta pwani kwa wiki moja, abadilishe hewa tu, na huko Haldun akaiona mashua kuukuu iliyobandikwa karatasi ya kuuzwa. Akaizunguka mara tatu, kisha akauliza mlingoti wake una umri gani. Lilikuwa swali la kwanza kumtoka kinywani kwa miezi. Perihan alikwenda nyuma ya choo cha bandari akalia, akanawa uso, akarudi kusaidia kupatana bei. Nyumba ya Afyon ikauzwa, na mashua ile, Mercan, ikawa nyumba.

Hayo yalikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Kazi waligawana tangu mwanzo: Haldun kwenye kamba na matanga, Perihan kwenye usukani. Alikuwa na mkono mzuri. Aliihisi mashua kama alivyokuwa akihisi darasa likitaka kuchafuka, sekunde moja kabla. Haldun alikuwa akijisifu kwenye kila gati kwamba wengine wamenunua mashine za kuwashikia usukani, yeye ameoa.

Tatizo lilikuwa neno alilolitoa. Rafiki yao mmoja aliwahi kuteleza sitahani akavunjika nyonga, na siku walipotoka kumtazama hospitali Haldun alisema, akifunga vifungo vya koti polepole, kwamba siku Mercan itakapomuumiza mke wake ataiuza kabla jua halijazama, wala hatageuza shingo. Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya mkahawani. Haldun lakini aliacha sigara Jumanne moja kwa sababu Jumatatu alisema ataacha. Kwa miaka arobaini aliishi maisha ambayo jambo likishasemwa kwenye simu ya stesheni, treni inaondoka, na ukibadili mawazo watu wanakufa. Perihan alilijua neno lile kuwa ni la kweli, na alikijua kile kiti cha Afyon. Akachagua kuumwa.

Aliumwa kwa miaka mitatu, kwa ustadi. Alijifunza kugeuza usukani kwa kiuno na mkono wa kushoto. Alivaa koti akianza na mkono mbovu. Usiku, akigeuka upande usiofaa, alimeza sauti yake kwenye mto.

Kisha binti yao Zeliha akajifungua huko Malta. Haldun alitandaza ramani mezani, akaweka birika kwenye kona moja na kopo la zeituni kwenye nyingine, akapima: kutoka Krete hadi Malta, siku nne mchana na usiku, watu wawili. Uso wake ulikuwa kama wa kijana aliyepewa likizo. Perihan aliitazama njia ile ya penseli akahesabu zamu zake za usukani, na akajua kwamba safari hii bega halitamwachia siri wala nusu ya siri.

Ndipo alipoanza kuzungumzia macho ya Haldun.

Alisema kwamba amemwona akikunja uso akisoma namba za maboya. Alisema kwamba mtu wa miaka sabini kukodolea dira saa nne mfululizo gizani ni kujitafutia maradhi, na kwamba siku hizi kila mashua ina mashine ya kushika usukani, hata za watoto wa chuo. Alijiandaa kwa vita. Haldun alikuwa na wivu na macho yake. Ndiye aliyeziona taa za treni kabla ya wote. Lakini alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akasema kwamba kweli, siku hizi yanamchezea kidogo. Perihan alifurahi kwa ushindi huo rahisi hata hakuushangaa.

Fundi Rifki alikuwa na karakana nyuma ya yadi ya mashua, chumba kilichojaa nyaya na paka watatu. Alikuja asubuhi ya pili, akanywa chai mbili akiitazama Mercan kutoka tezi hadi omo. Halafu akawaeleza kwamba mashine ziko za aina tatu, na kila moja ina tabia yake kama mchumba.

Ya kwanza ni ndogo, inafungwa pale pale kwenye gurudumu la usukani na kulizungusha kwa mkanda. Ni rahisi, unaifunga mwenyewe Jumapili, na inashika njia vizuri kabisa ilimradi bahari imetulia. Ya pili haili umeme hata kidogo: ni bawa linalosimama nyuma ya mashua, linausikiliza upepo na kuvuta usukani kwa nguvu ya maji yenyewe. Ya tatu ni mkono wa chuma unaokaa chini, hauonekani na mtu, unasukuma mhimili wa usukani moja kwa moja. Huo ni mkono wa mwanamume, alisema Rifki, halafu akamtazama Perihan akajirekebisha: mkono wa mtu mwenye nguvu.

Perihan alitaka ile ndogo. Uongo wake ulikuwa mdogo na aliona unahitaji mashine ndogo. Ukimnunulia mumeo mkono wa chuma kwa sababu anakunja uso akisoma maboya, mtu anaweza kuanza kuuliza maswali. Haldun yeye alidhaniwa na wote kwamba atachagua bawa, maana umeme wa mashua aliulinda kama damu yake. Ndiye aliyezima friji usiku. Ndiye aliyesoma kitabu kwa taa ya kichwani akidai ni mazoea ya stesheni. Na kweli aliliulizia bawa kwa muda mrefu, akapenda kwamba halina waya hata mmoja.

"Linausikiliza upepo," Rifki alimwambia. "Sasa upepo ukifa, kaka, mwezi wa saba, kati ya Krete na Malta, ukawasha injini, bawa linalala. Nani anashika usukani?"

Haldun alitazama mikono yake, kisha akasema watafunga ule mkono wa chuma.

Perihan alisema ni kuvunja yai kwa nyundo. Haldun akasema anataka ulio mkubwa zaidi ya saizi ya mashua yao. Wakabishana hapo mbele ya fundi na paka mmoja aliyemfuata, Perihan akitaja karatasi za mashua zinazosema tani saba na nusu, Haldun akisema karatasi ziliandikwa mashua ikiwa tupu kama ganda. Rifki akaamua ipimwe. Mashua ilikuwa iinuliwe na winchi hata hivyo, isuguliwe chini, na winchi ya yadi ina mizani.

Mercan ilipoinuka kutoka majini, namba zilipanda hadi tani tisa na kilo mia nane. Rifki aliisoma mara mbili. Akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine anaishi humo.

Basi wakaanza kukiri. Perihan akakiri madumu sita ya mafuta ya zeituni, nyanya za kopo za majira mawili, na mitungi ya achari aliyoifunga ndani ya soksi ili isigongane. Haldun akakiri nanga ya tatu. Kisha, akitazama pembeni, akakiri kipande cha reli. Kilikuwa urefu wa mkono, kilo ishirini na tano, zawadi ya wafanyakazi wake siku ya kustaafu, na alikuwa amekilaza chini ya sakafu ya omo kwa miaka kumi na moja kama mtu aliyezika mali.

"Ulisema umempa ndugu yako," Perihan alisema.

"Nilimpa. Akanirudishia."

Sermet, nahodha wa mashua kubwa ya watalii iliyokuwa ikipakwa vanishi pembeni, alikuwa amekaa juu ya ndoo akifaidi yote. Sermet ndiye aliyempa Haldun jina la Babu Kunja, na bandari nzima ikalipokea. Kwa maana Haldun alikuwa na tabia moja iliyochekesha watu: alikunja sehemu ya tanga mapema, kulipunguza kabla upepo haujazidi. Wenzake hukunja bahari inapoanza kuota vichwa vyeupe. Haldun alikunja ikingali bluu, ikingali laini, wakati watoto wa chuo wanapita wamefungua kila kitambaa walichonacho na kumpungia mkono. Ilimwanza miaka mitatu nyuma, na watu wakasema ni uzee. Perihan mwenyewe alikuwa akimtania, na si mara moja wala mbili. Alisema mbele ya wageni kwamba mume wake akiona mke anapuliza chai ya moto, anakunja.

"Babu Kunja," Sermet alisema sasa, "hiyo mashine unayotaka si ya kuvuta feri? Wewe na upepo wako wa kupulizia mshumaa?"

Haldun alitabasamu kama alivyotabasamu siku zote, akaenda kutafuta mtu wa kumsaidia kubeba reli.

Kipande cha reli kikawekwa karakanani kwa Rifki, ambako paka walikigeuza kitanda. Mashine ikaja kutoka İzmir ndani ya sanduku. Kuifunga kulichukua siku tano. Rifki aliingia ndani ya tumbo la nyuma la Mercan, akajenga kitako cha mbao ngumu cha kuushika ule mkono, akisema mashine nyingi hazifi kwa ubovu wake bali kwa ubao uliolegea. Kisha akatafuta mahali pa ile dira ndogo ya mashine, kiboksi kisichozidi kiberiti cha jikoni, ambacho ndicho macho yake. Kinataka katikati ya mashua, chini, pametulia. Akakifunga ndani ya sanduku la chini ya kitanda cha pembeni, akawaita wote wawili, akawaonyesha, akasema kusikae chuma hapo, hatua nzima kila upande. Wakaitikia. Akarudia: chuma, hapana. Wakaitikia tena.

Akawaonya pia juu ya umeme. Mashua za umbo hili, alisema, anazijua. Zikishika upepo zinang'ang'ania kuugeukia kama mbuzi aliyeona shamba, na mkono wa chuma utapigana nazo kutwa nzima na kumaliza betri. Wajiandae kuongeza paneli mbili za jua. Haldun akaandika kwenye daftari lake: paneli mbili.

Siku ya majaribio ilikuwa ya wiki ya pili ya mwezi wa nne, asubuhi safi, upepo wa kaskazini unaoanza kuamka. Kwa heshima ya fundi, Perihan alioka mikate myembamba ya jibini na spinachi. Unga aliukanda Haldun. Hilo nalo lilikuwa jambo lake la miaka michache: mkuu wa stesheni aliyestaafu alikuwa amegundua uzeeni kwamba anapenda kukanda unga, eti unamtuliza mawazo.

Rifki alikuwa na mtindo wake. Hakuchukua malipo ya mwisho mpaka mashine ipeleke mashua hadi upande wa pili wa ghuba na kuirudisha, naye yumo, na wenye mashua wakae wameikalia mikono yao. Alisema mashine zake nyingi zimesingiziwa makosa na watu waliokuwa wakizipokonya usukani kila baada ya dakika.

Wakatoka. Haldun akapandisha matanga, akakunja, akarekebisha kamba zake. Rifki akabonyeza kitufe, na gurudumu likatikisika peke yake kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Perihan alikalia mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja kuona mashua yao ikienda na pale nyuma ya usukani hakuna mtu, na alijisikia kama mama aliyemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza. Yeye aliyewaona akina mama mia saba wakifanya hivyo na kuwahurumia kwa mbali.

Kwa dakika tano mambo yalikuwa mazuri. Kisha upepo ukaongezeka, mashua ikalala kidogo ubavuni, na Mercan ikageuka taratibu, kwa adabu, kuelekea miamba. Rifki akairudisha. Ikashika njia. Ikalala tena, ikaelekea tena miamba. Alipogeuza wakawa wamelalia upande mwingine, ikataka kwenda Ugiriki.

"Imeona nini huko?" aliuliza Haldun.

"Hiyo hailewi yenyewe," Rifki alisema. "Kuna chuma kinatembea humu ndani."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa kengele ya stesheni ambayo Haldun aliining'iniza mlangoni, lakini Rifki akasema ni ya shaba nyeupe na haina kosa. Nanga ya tatu ilikuwa imeshateremshwa nchi kavu. Reli ilikuwa chini ya paka. Perihan alisikiliza upekuzi huo kwa utulivu wa mtu asiye na hatia, mpaka Rifki aliposhuka chini, akafungua sanduku la chini ya kitanda, akauliza kwa sauti ya kuchoka ni nani ameweka tawa hapa.

Lilikuwa tawa la mamake Perihan, duara pana la chuma cheusi, lililooka mikate ya harusi tatu na misiba mingi zaidi. Asubuhi ile alilipangusa lilipopoa akalirudisha mahali pake, na mahali pake kwa miaka kumi na moja palikuwa ndani ya sanduku lile. Kila mashua ilipolala, tawa liliteleza hadi kwenye kiboksi, likakibusu, likarudi.

"Mwalimu," Rifki alisema, akipanda ngazi nalo kifuani kama ngao, "nilisemaje juu ya chuma?"

"Hilo si chuma," alisema Perihan. "Hilo ni tawa la mama."

Haldun alicheka hadi akashika mlingoti. Rifki alijaribu kukaza uso, akashindwa. Tawa likafungiwa omo kabisa, ndani ya blanketi, na wakaanza upya.

Sasa mashine ilishika njia. Ilishika njia vizuri hata mazungumzo yakaisha, wakabaki kusikiliza maji. Perihan alitazama gurudumu likisogea upana wa kidole na kurudi, na bega lake, ambalo kwa mazoea lilikuwa limejikaza likingoja mvuto, likangoja, likangoja, na hatimaye likashuka. Hakuwa amejua kwamba lilikuwa limepanda.

Rifki alikuwa ameinamia kipimo cha umeme. Alikigonga kwa kucha. Akashuka kuangalia waya, akapanda, akakigonga tena.

"Kaka Haldun, hizi paneli mbili nilizokuambia, zifute," alisema. "Mashine haifanyi kazi. Maana yake inafanya, lakini haina la kufanya. Inakula kama ndege." Akasimama, akaangalia juu kwenye tanga, kisha akafuata kamba kwa macho hadi mikononi mwa Haldun. "Hebu kunjua tanga lote nione."

Haldun alisita, akakunjua. Papo hapo Mercan ikawa yule mbuzi aliyemtaja fundi: ikainama, ikavuta, gurudumu likazunguka robo nzima na mkono wa chuma ukanguruma chini yao. Sindano ya kipimo ikaruka. Rifki akaitikia kwa kichwa, kama anayemtambua mtu wa zamani, akamwomba arudishe kama ilivyokuwa. Haldun akakunja. Akavuta kamba ya tanga kubwa mpaka uzi mwekundu ulioshonwa juu yake ukafika kwenye kapi. Akailegeza ya tanga la mbele mpaka uzi wake ukafika kwenye kapi. Mashua ikasimama wima zaidi, na mashine ikanyamaza.

Nyuzi zile Perihan alizijua. Alikuwa amemwona akizishona, jioni baada ya jioni, majira matatu, kwa sindano ya tanga na miwani puani. Alidhani ni ule unadhifu wake wa stesheni, mtu asiyeweza kuona kamba bila kuiwekea alama.

Rifki alishika uzi mmoja kati ya vidole. Ulikuwa wa tatu. Pembeni yake palikuwa na vitundu vya sindano vya nyuzi nyingine mbili zilizong'olewa, moja nyuma kidogo, moja mbele kidogo.

"Nani alikufundisha hii?" aliuliza. "Hii ni kazi ya misimu. Mtu anajaribu hapa, anasogeza, anajaribu hapa, mpaka usukani uwe mwepesi kama mlango wa chumbani. Lakini watu wanafanya hivi kwa ajili ya mashine, betri isiishe. Wewe hukuwa na mashine."

Haldun alikuwa akiikunja ncha ya kamba, vizuri sana, zaidi ya inavyohitaji kamba.

Rifki alimtazama, akamtazama Perihan, ambaye bila kujua alikuwa amelishika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto. Fundi hakuwa mtu mjinga. Akasema kuna skrubu anataka kuzikaza kule chini, na kwamba itamchukua muda, na kwamba wasiuguse usukani. Akashuka akafunga mlango.

Mercan ilikwenda zake. Mbele yao ghuba ilifunguka, na hakuna aliyekuwa na kazi.

"Tangu lini?" aliuliza Perihan.

"Tangu lini nini?"

"Haldun."

Akaiweka kamba chini. "Tangu tulipotia nanga Datça. Siku ile ulinimiminia chai kwa mkono wa kushoto."

"Nilikuwa nimechoka siku ile."

"Ulichoka mpaka mwezi wa kumi."

Perihan alikumbuka tanga likikunjwa bahari ikiwa bluu. Alikumbuka meza ya wageni na kichekesho chake cha chai ya moto, na Haldun akicheka pamoja nao, akiwapitishia sukari. Alikumbuka unga.

"Na bahasha?" aliuliza.

"Bahasha gani?" Alijibu haraka mno. Kisha akakuna shingo. "Nilikuwa natafuta kifungua kopo."

"Chini ya karatasi ya droo?"

"Nilikitafuta vizuri."

Perihan akacheka kidogo huku machozi yakimtoka, na akayafuta kwa mkono wa kushoto, kisha akaona anautumia wa kushoto, akaacha. "Kwa nini hukusema?"

Haldun alikuwa mtu wa kupanga maneno kama mabehewa. "Ningesema, ningekuwa nimejua," alisema. "Na ningekuwa nimejua, ningeuza. Nilishatoa neno. Kwa hiyo sikujua." Akatazama maji. "Si kazi rahisi, Peri, kutojua kitu miaka mitatu. Nilikuwa nalala nakusikia unageuka, nasema moyoni, sijasikia."

"Na macho yako?"

"Macho yangu hayana kitu. Ile boti pale Selimiye, naisoma namba."

"Nimewaambia watu bandari nzima kwamba huoni."

"Ulihitaji sababu," alisema. "Mimi nilikuwa nayo moja, bega lako, na haitajiki."

Perihan alimgeukia sasa, maana lililobaki ndilo lenyewe, na hakutaka libaki likielea kati yao hadi Malta. "Sasa umeshajua. Nimekuambia, na daktari amesema, na fundi ameona. Utaiuza?"

Perihan alimwona akilitafakari neno lake kwa haki, bila hila, kama alivyokuwa akilitafakari kila jambo. Na kwa pumzi chache alikiona tena kile kiti, na ukuta wake. Kisha Haldun akainama, akagonga sitaha kwa kifundo cha kidole.

"Rifki! Nani anaendesha mashua hii?"

"Mashine," sauti ya fundi ilijibu kutoka chini. "Na nimesema msiiguse."

"Umemsikia," Haldun alimwambia mkewe. "Nilisema siku itakapokuumiza. Inakuumiza sasa?"

Perihan alijisikiliza. Alitaka kumjibu ukweli, kwa kuwa ulikuwa umeadimika. "Hapana," alisema. "Jana iliniumiza. Leo hapana."

"Basi ya jana sikuyajua," alisema Haldun. "Lakini kesho kutwa tunakwenda Muğla, wote wawili, na mimi naingia mpaka kwa daktari."

Akakubali. Akasema naye ana sharti: bahasha hakuna tena, na kutojua hakuna tena. Haldun akauliza kama nyuzi nazo zing'olewe. Akamwambia nyuzi athubutu kuzigusa.

Mashua kubwa ya Sermet ilikuwa ikitoka bandarini kujaribu injini zake, mbao zake zikimeta kama asali. Ilipowapita, Sermet alijitokeza ukingoni na glasi ya chai mkononi, akatazama juu, akatazama bahari laini, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mchezo. Akauliza kwa sauti ya ghuba nzima kama Babu Kunja ameona wingu Libya.

Haldun aliinua mkono na lile tabasamu lake la siku zote. Lakini Perihan alikuwa ameshasimama, na sauti yake ilikuwa ile iliyonyamazisha watoto arobaini bila kupanda.

"Sermet, anakunja kwa ajili yangu. Bega langu ni bovu, miaka mitatu. Kawaambie na wengine."

Sermet alibaki na glasi yake hewani. Injini zake zilimpeleka mbele, na walipomwona mara ya mwisho alikuwa amevua kofia, akiwa hajui aiweke wapi.

Perihan alikaa. Kwa miaka kumi na moja, tanga likiwa juu, mmoja wao alikuwa amesimama nyuma ya usukani na mwingine kwenye kamba. Hawakuwahi hata mara moja kukaa benchi moja. Haldun alisogea kumpa nafasi. Yeye akamzunguka akakaa upande wake mwingine, ili bega lake zima ndilo limwegemee, naye akamwachia. Mikate ilikuwa imepoa. Wakala hivyo hivyo, wakimkatia fundi kipande chake wakakifunika, huku gurudumu mbele yao likisogea kidole kimoja, likirudi.